Tembea Hadi Mwisho wa Mtaa: Wayahudi wa Mattancherry

Wageni wengi wanaofika Mtaa wa Wayahudi mjini Kochi, katika jimbo la Kerala kusini-magharibi mwa India, huingia kwa upande wa kaskazini, huvua viatu mbele ya Sinagogi la Paradesi, hutazama vigae vya Kichina kwa dakika chache, kisha hununua kitambaa au pakiti ya iliki na kurudi garini. Ninaandika makala haya kwa sababu mtaa huo una upande wa pili, na huo ndio uliobeba habari za Wayahudi walio wengi wa pwani ile. Mwenye miguu na nusu siku ya nafasi hana sababu ya kuishia katikati ya njia.

Ni vizuri kuuendea mtaa huo kwa kutembea kutoka Fort Kochi, kwa kuwa njia yenyewe ndiyo inayoeleza kwa nini Wayahudi walikuwa pale. Kwenye mdomo wa bandari, wavuvi bado hushusha na kuinua zile nyavu kubwa ziitwazo za Kichina, ambazo huning'inia kwenye miti mirefu na kusawazishwa kwa mawe yaliyofungwa kamba. Hatua chache kutoka hapo lipo Kanisa la Mtakatifu Fransisko, lililoanza kama jengo la mbao mwaka 1503 na baadaye kujengwa kwa mawe. Humo ndimo alimozikwa Vasco da Gama alipofariki Kochi mwezi Desemba 1524, kabla ya mabaki yake kuhamishiwa Ureno. Mimi ni mtu wa Mombasa, na tangu shule ya msingi nilifundishwa habari za nguzo yake ya Malindi na za rubani aliyempata kwetu mwaka 1498 ili amvushe hadi Calicut. Kulisoma jina lake kwenye jiwe la sakafuni, ng'ambo ya bahari ileile, kulinifanya nielewe kwamba pwani mbili nilizokuwa nimezisoma kama sura mbili za kitabu zilikuwa habari moja.

Kutoka kanisani unafuata barabara inayopakana na maji, unapita Calvathy, na polepole nyumba za wageni na mikahawa hupungua na kuachia nafasi maghala. Hii ndiyo Bazaar Road, uti wa mgongo wa Mattancherry. Maghala yamejengwa kwa kina kirefu kutoka barabarani hadi majini, ili shehena iingie kwa mlango mmoja ikitokea chomboni na itoke kwa mwingine kwenda sokoni. Mengine sasa yamefungwa, lakini yapo ambayo bado yana magunia ya mchele, tangawizi kavu na pilipili manga, na harufu hukutangulia kabla hujaona chochote. Tangu mwaka 1957 Kochi ilikuwa na soko la mikataba ya pilipili manga, na makao yake yalikuwa palepale katika Mtaa wa Wayahudi, ambako madalali walikuwa wakipigiana kelele za bei ukumbini kabla ya kompyuta kuwanyamazisha.

Katika maghala haya hutakosa kusikia Kikachi na Kigujarati. Wamemoni wa Kach wana msikiti wao Mattancherry, Wajaini wana hekalu lao, na Wakonkani waliokimbia Goa wana lao. Mzee mmoja mwenye duka la viungo, aliposikia natoka Mombasa, alinivutia kiti bila kuuliza ninanunua nini, akaanza kunihesabia jamaa za babu yake waliokwenda Zanzibar na Mombasa kwa jahazi na kaskazi. Tulizungumza Kiingereza, lakini maneno kama dukani, bandari na godauni hayakuhitaji mkalimani. Nilimwambia kwamba kwetu mwambao msikiti wa Wamemoni si kitu cha kushangaza. Alicheka kwa furaha na kuniamkia tena upya, safari hii kama mtu wa nyumbani.

Kuna kituo kimoja ambacho sitaki msomaji wa pwani yetu akipite, ingawa vitabu vya watalii hukitaja kwa nadra. Katika eneo la Mangattumukku, kando ya njia, pana mahali padogo pa kuwekea taa na sadaka panapoitwa pa Kappiri Muthappan. Muthappan ni babu, na Kappiri ni jina ambalo wenyeji waliwaita Waafrika walioletwa na Wareno kama watumwa, wengi wao kutoka upande wa Msumbiji. Hadithi ya mtaani husema kwamba mwaka 1663, Waholanzi walipokuwa wakiuteka mji, Wareno walizika mali zao na kuwaua watumwa hao juu yake ili roho zao zilinde hazina hadi wenyewe watakaporudi. Mpaka leo watu huja kuwasha mishumaa na kuweka sigara na tembo la mnazi, wakiomba msaada kwa babu huyo asiye na kaburi. Hadithi ni hadithi, lakini watumwa walikuwepo kweli, na kati ya makumbusho yote ya Kochi, niliona ni hapa tu ambapo mtu wa Afrika Mashariki anakumbukwa kila siku na watu wasiomjua jina. Nilisimama kwa muda, nikawaombea.

Wayahudi walifika pwani ya Malabari kwa bahari hiyohiyo na kwa sababu hiyohiyo ya biashara. Ushahidi wao mkubwa ni hati zilizochongwa kwenye mabamba ya shaba, takriban mwaka 1000, ambazo mfalme Bhaskara Ravi Varman alimpa kiongozi wa Wayahudi aliyeitwa Joseph Rabban. Humo aliandikiwa haki 72 yeye na uzao wake, zikiwemo kusamehewa kodi, kukusanya ushuru, kuwasha taa mchana, kubebwa kwenye machela, kutembea chini ya mwavuli, na kupigiwa ngoma na tarumbeta. Anayejua habari za siwa za Pate na Lamu, na mwavuli wa sultani, atatambua mara moja uzito wa heshima hizo, kwani mwenye mwavuli na baragumu kwenye miji ya Bahari ya Hindi hakuwa mgeni wa kupita bali mtu mwenye kiti katika mji. Wakati huo jamii yao ilikuwa Kodungallur, kaskazini ya Kochi. Mwaka 1341 mafuriko makubwa yalijaza mchanga bandari ya Kodungallur na kufungua mlango wa bahari wa Kochi, na biashara ikahama na maji. Kwenye ukuta wa ua wa Sinagogi la Paradesi limepachikwa jiwe lenye maandishi ya Kiebrania, lililotoka kwenye sinagogi lililojengwa Kochangadi mwaka 1344. Sinagogi hilo halipo tena, limebaki jiwe lake.

Karne ya 16 iliwaletea Wayahudi waliobaki Kodungallur vita na mashambulizi, na wengi wakakimbilia Kochi, ambako Raja aliwapa ardhi kando kabisa ya kasri lake. Katika miaka hiyohiyo walikuwa wakifika wengine, waliofukuzwa Hispania na Ureno au waliotoka miji kama Aleppo, na hao ndio waliojenga Sinagogi la Paradesi mwaka 1568, wakiitwa hivyo kwa kuwa walikuwa wageni. Ukisimama uani utaona jambo linalostahili kufikiriwa: ukuta wa sinagogi unapakana na hekalu la Kihindu la kasri, na si mbali utasikia adhana. Wareno walikuwa wameanzisha mahakama ya kidini Goa mwaka 1560, na Wayahudi walijua maana yake. Kwa hiyo waliegemea kwa Raja, na baadaye waliwaunga mkono Waholanzi. Mwaka 1662 Wareno waliliteketeza sinagogi kwa sababu hiyo, na lilikarabatiwa baada ya Waholanzi kushika mji.

Ndani ya sinagogi, kinachonasa macho kwanza ni sakafu. Vigae vyake vya bluu na nyeupe vililetwa kutoka China katika karne ya 18, vikiwa vimechorwa kwa mkono, na husemwa kwamba hakuna viwili vinavyofanana. Nilijaribu kutafuta jozi, lakini tofauti za mto, mti na nyumba hukuchosha haraka, na nikaona ni heri kuinua kichwa. Juu zinaning'inia taa za vioo za kila rangi, na katikati ipo mimbari yenye kizuizi cha shaba inayong'aa kwa kupigwa msasa wa miaka mingi. Masinagogi ya Kerala yana tabia yake ambayo sijaiona kwingine: pamoja na mimbari ya chini, kuna nyingine juu, kwenye roshani mbele ya sehemu ya wanawake, ambako Torati ilisomwa siku za Sabato na sikukuu. Torati zenyewe huvalishwa mataji, na taji moja la dhahabu lilitolewa na Maharaja wa Travancore mwaka 1805. Lipo pia zulia ambalo huelezwa kuwa zawadi ya Mfalme Haile Selassie wa Ethiopia. Kuvua viatu mlangoni, jambo ambalo Wayahudi wengi wa nchi nyingine hawalifanyi, ni adabu waliyoishika pamoja na majirani zao Wahindu na Waislamu, na kwangu hilo lilieleza historia ya mahali pale kuliko bango lolote.

Mnara wa saa ulio mbele ulijengwa mwaka 1760 na Ezekiel Rahabi, mtu aliyekuwa mfanyabiashara mkuu wa Kampuni ya Waholanzi ya India Mashariki mjini Kochi kwa karibu nusu karne. Nyuso zake zina tarakimu za maandishi tofauti, za Kiebrania kwa wanaokwenda kusali, za Kirumi kwa wafanyabiashara wa Ulaya, na za Kimalayalam kwa upande wa kasri. Naupenda mnara huo kwa kuwa haukujengwa kwa ajili ya watu wa dini moja peke yao. Tajiri yule alijua kwamba mji wa biashara unaishi kwa miadi, na kwamba kila mtu lazima aweze kuisoma saa.

Ndani ya sinagogi hilohilo, hata hivyo, kulikuwa na mstari ambao saa haikuuvuka. Wayahudi wa Kerala waligawanyika. Waparadesi, waliojiita weupe, walikuwa wachache. Wamalabari, waliokuwa wameishi pale karne nyingi kabla yao na kuwa na ngozi nyeusi zaidi, walikuwa wengi. Chini ya wote walikuwapo watumwa walioachwa huru pamoja na uzao wao, ambao walisali katika sinagogi la Paradesi lakini hawakuruhusiwa kukaa kwenye viti vyake wala kuitwa kusoma Torati. Ndoa kati ya makundi zilikatazwa. Watu waliopokewa na Raja Mhindu bila masharti ya dini, waliopewa ukuta mmoja na hekalu lake, wakawanyima ndugu zao wa dini kiti. Sisi tuliokulia kwenye miji yenye waungwana na watumwa hatuna pa kusimama ili tuwahukumu kutoka juu. Lakini jambo lisemwe, na nilisikitika kwamba siku niliyokuwa pale halikusemwa na mwongozaji yeyote niliyemsikia.

Aliyelisema kwa sauti alikuwa mtoto wa mtaa huohuo, Abraham Barak Salem, aliyezaliwa mwaka 1882 katika kundi hilo la chini. Alikuwa mwanasheria, akakaa kwenye baraza la kutunga sheria la Kochi, na alipigania haki za wafanyakazi na uhuru wa India. Katika sinagogi lake mwenyewe alitumia njia za Gandhi: alikaa mahali alipokatazwa, akawaketisha na wanawe, na akagoma kwa amani hadi katazo moja baada ya jingine likalegea. Watu walimwita Gandhi wa Wayahudi. Alifariki mwaka 1967 akiwa Kochi, na barabara ya mtaa ina jina lake, ingawa wengi hupita chini ya kibao bila kujua ni nani. Mwaka uliofuata sinagogi liliadhimisha miaka 400, Waziri Mkuu Indira Gandhi akahudhuria, na serikali ikatoa stempu ya posta yenye picha ya ukumbi uleule ambao Salem aliupigania.

Sasa tuache mnara nyuma na kuelekea kusini. Nyumba zimeshikana bega kwa bega, chini duka na juu makazi, na kwenye baadhi ya madirisha utaona nondo zilizokunjwa kuwa nyota ya Daudi. Maduka ni ya wauza vitu vya kale, shali za Kashmiri, manukato na viungo, na wenye maduka wengi ni Waislamu, Wahindu na Wakristo. Kulikuwa na bibi Myahudi aliyekuwa akishona vitambaa vya mkate wa Sabato na kofia za kusalia, na baada yake duka hilo limetunzwa na familia ya Kiislamu iliyokuwa ikimhudumia kama mama yao. Hili watu wa mtaa hulisimulia kwa fahari, na wana haki ya kujivunia.

Mtaa huu mmoja ulikuwa na masinagogi 3. La katikati, Thekkumbhagam, lilikuwa la Wamalabari na lilibomolewa baada ya waumini wake kuondoka. Mwisho kabisa wa upande wa kusini ndipo palipo na Kadavumbhagam, lililojengwa mwaka 1544, yaani kabla ya Paradesi. Baada ya waumini kuhama liligeuzwa ghala la kamba za makumbi, na mapambo yake ya ndani, yenye mbao zilizochongwa kwa ustadi wa mafundi wa Kerala, yalinunuliwa na kupelekwa kwenye Jumba la Makumbusho la Israel mjini Jerusalem, ambako yamesimamishwa upya. Ganda lake lilibaki Mattancherry likinyeshewa. Mwezi Septemba 2019, katika mvua za msimu, sehemu ya mbele iliporomoka. Nilipofika nilikuta kuta za mawe mekundu ya laterite, majani yaliyoota kwenye nyufa, na pikipiki zimeegeshwa pembeni. Hakuna aliyekuwa akipiga picha.

Hapo ndipo niliposhikwa na hasira ambayo bado ninayo. Fedha za watalii hufika hadi mita mia chache kutoka kwenye ukuta huo na kusimama. Siwezi kulaumu vigae kwa kuwa vizuri. Lakini mgawanyo wa zamani kati ya wachache na wengi umeendelea hadi kwenye mawe: jengo la Waparadesi limepakwa chokaa na kulindwa, na jengo la Wamalabari, lenye umri mkubwa zaidi, limeachwa lianguke. Wanaotembelea la kwanza pekee huondoka wakiamini kwamba Wayahudi wa Kochi walikuwa ni matajiri wachache weupe waliokuja na Waholanzi.

Si mbali na hapo, kwenye njia ndogo kati ya nyumba, lipo kaburi la Nehemiah Mota, mwanachuoni wa elimu ya siri za dini na mshairi aliyefariki mwaka 1615. Makaburi mengine ya Wamalabari yaliyolizunguka yamefunikwa na makazi, lakini hilo moja hakuna aliyethubutu kuligusa. Wahindu, Waislamu na Wakristo wa jirani huwasha mishumaa juu yake, na huomba kwake wanapokuwa na shida. Niliuliza njia kwa mama mmoja aliyekuwa akianua nguo, naye aliniongoza hadi kaburini, akagusa jiwe, akagusa kipaji chake, kisha akarudi kwenye kamba yake ya nguo. Anayejua ziara za makaburi ya masharifu kule Lamu hahitaji kuelezwa zaidi.

Swali ambalo kila mgeni huuliza ni kwa nini waliondoka, ikiwa hawakufukuzwa. Mwaka 1948 Wayahudi wa Kerala walikuwa wapatao 2,500. Kwa vizazi vingi walikuwa wakiimba habari za kurejea Yerusalemu, na wanawake wao walikuwa na madaftari ya nyimbo za Kimalayalam walizoziimba harusini na kwenye sikukuu, mbele ya wanaume bila kificho. Israel ilipoundwa, Wamalabari waliuza mali za jamii na kujiandaa kusafiri, lakini wakacheleweshwa miaka kadhaa kwa sababu viongozi wa nchi ile mpya waliogopa ugonjwa wa matende uliokuwepo Kerala. Tunaoujua ugonjwa huo kwenye pwani yetu tunafahamu kwamba huenezwa na mbu wala haupatikani kwa kuketi na mgonjwa. Hatimaye, kati ya mwaka 1953 na 1955, karibu wote walihama na kupelekwa kwenye vijiji vya kilimo, kikiwemo Nevatim kwenye jangwa la Negev, ambako wauza viungo na mayai na samaki walijifunza kulima, na ambako leo kuna makumbusho ya urithi wao. Waparadesi walichelewa zaidi, kwa kuwa walikuwa na nyumba na biashara kubwa, lakini watoto wao nao wakaondoka, na idadi ikapungua hadi ikawa ya kuhesabika kwa vidole.

Kwa yeyote anayepanga safari, mambo mawili. Sinagogi la Paradesi hufungwa kwa wageni siku ya Jumamosi na sikukuu za Kiyahudi, na Ijumaa ni ya mashaka, kwa hiyo chagua siku za katikati ya wiki na uvae nguo za heshima. Na ukiwa na siku ya ziada, panda basi kaskazini hadi Parur na Chendamangalam, ambako masinagogi ya Wamalabari yamekarabatiwa na serikali ya Kerala na kuwa makumbusho. Huko unaweza kupanda roshani, kuona mimbari ya juu, na kutembea kwenye njia iliyofunikwa kutoka lango hadi ukumbini, mambo ambayo kwenye magofu ya Kadavumbhagam hubaki kuyakisia. Parur na Chendamangalam zinathibitisha kwamba kazi hiyo inawezekana, kwa fedha za jimbo lilelile na mafundi walewale, na nimewaandikia wanaosimamia majengo ya kale nikiomba kwamba kuta zilizobaki mwisho wa mtaa zitiwe nguzo kabla ya mvua zijazo, na mlangoni pawekwe kibao chenye jina la sinagogi na mwaka wake.